Bakteria, usugu wa dawa na ujauzito: maswali yanayojirudia kila siku

Maswali yamepangwa kuanzia ya msingi mpaka yale ya watu wachache. Ukikuta "ona swali la 8" ni kwa sababu jibu lipo kule na sitaki kulirudia. Na kama saa hii una homa, unatetemeka, maji yametoka au mtoto hachezi kama alivyozoea, acha kusoma, nenda swali la 18 alafu utoke mlangoni.

## Ya kuanzia

1. Kwa nini mjamzito anashikwa na UTI kirahisi hivi? Ni uchafu?

Sio uchafu, na tulimalize hili mapema maana kuna wanawake wanaona aibu kusema wanaumwa kisa wanaogopa wataonekana hawajiogi. Ukishika mimba, homoni ya projesteroni inalegeza mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo, alafu mfuko wa uzazi ukikua unaibana ile mirija, hasa ya upande wa kulia, kwaiyo mkojo hausafiri haraka kama zamani, unatuama. Mkojo uliotuama ndo sehemu bakteria anapenda. Na bakteria mwenyewe mara nyingi ni E. coli, ambaye anaishi kwenye utumbo wa kila mtu, msafi na asiye msafi, na kutoka njia ya haja kubwa mpaka njia ya mkojo kwa mwanamke ni karibu sana.

Kupangusa kutoka mbele kwenda nyuma na kukojoa baada ya tendo ni tabia nzuri, endelea nazo, ila usijilaumu ukipata hata kama unafanya yote hayo.

2. Siumwi popote lakini nesi anasema mkojo una bakteria. Dawa ya nini sasa?

Hii inawachanganya wengi, na kusema kweli kwa mtu ambaye hana mimba ungekuwa sahihi kukataa, maana bakteria kwenye mkojo bila dalili kwa watu wengi huachwa tu. Mjamzito ndo tofauti. Kati ya wajawazito 100, wawili mpaka kumi hivi wanakuwa na hali hii bila kujua. Wasipotibiwa, kwa asilimia 20 mpaka 35 ya wajawazito hao, bakteria wanapanda mpaka kwenye figo, na maambukizi ya figo kwenye mimba sio jambo la kulala nyumbani: homa kali, kutapika, kulazwa, na uchungu unaweza kuanza kabla ya wakati.

Ndo maana Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito wa aina hii apewe antibaiotiki ya siku saba hata kama anajisikia mzima kabisa. Ila ili iitwe hivyo inatakiwa kipimo cha kuotesha kioneshe bakteria wa aina moja, 100,000 au zaidi kwa kila mililita ya mkojo. Kijiti cha kuchovya kwenye mkojo peke yake hakitoshi (swali la 5).

3. Usugu ni nini hasa? Mwili wangu umeshazoea dawa?

Mwili wako haujazoea chochote. Anayezoea ni bakteria, na ata neno kuzoea halimfai, yeye anabadilika. Wengine wanatengeneza vimeng'enya vinavyoivunja dawa kabla haijawafanya kitu, wengine wana pampu za kuitema nje, wengine wanabadilisha ile sehemu ambayo dawa ilitakiwa kushika. Ukimeza dawa, wale wanyonge wanakufa, wenye huo uwezo wanabaki na nafasi yote ni yao. Na wanagawiana, yani bakteria mmoja anampa mwenzake kipande cha vinasaba chenye siri ya usugu, ata kama sio wa jamii moja.

Kwaiyo unaweza kuwa hujawahi kumeza antibaiotiki maisha yako yote na bado ukaambukizwa bakteria sugu, maana amefundwa kwenye mwili wa mtu mwingine. Mwaka 2019 usugu wa bakteria uliua moja kwa moja watu wanaokadiriwa kuwa milioni 1.27 duniani.

4. Si bora nivumilie tu kuliko kumlisha mtoto antibaiotiki?

Hapana, na hapa ndo nitasema kwa nguvu kuliko pengine popote. Ukweli ni kwamba kuna dawa chache ambazo zina shida kwenye mimba, na watu wamezichukua hizo chache wakazigeuza sheria ya dawa zote. Penisilini na ndugu zake zimetumiwa na wajawazito tangu miaka ya 1940. Maambukizi yasiyotibiwa ndiyo yanayojulikana kwa kuleta watoto njiti, vifo vya watoto tumboni na sepsisi kwa mama, yani maambukizi yanayofanya mwili mzima uanze kushindwa kazi.

Lakini upande wa pili nao una makosa yake: kumeza antibaiotiki kwa mafua, kwa kikohozi cha virusi, kwa "tumbo kuuma kidogo". Hapo humsaidii mtu, unafuga bakteria sugu tu kwenye utumbo wako, na hao hao ndo watakaopanda kwenye mkojo mwezi ujao. Swali la maana sio ninywe au nisinywe. Ni bakteria gani huyu, na dawa ipi inamuweza.

## Vipimo

5. Kuotesha mkojo kuna tofauti gani na kile kijiti?

Kijiti kinaangalia dalili za bakteria, yani naitraiti na chembe nyeupe. Kinatoa jibu dakika ileile lakini kinakosea pande zote mbili, kinaweza kusema huna wakati unao, na kinaweza kuonesha chembe nyeupe kumbe ni uchafu wa ukeni umeingia kwenye kikopo. Na hakikuambii dawa gani itafanya kazi.

Kuotesha ni kuuchukua mkojo maabara, kuuweka kwenye chakula cha bakteria na kusubiri kitakachoota. Kikiota wanakitambua jina alafu wanakijaribu na dawa mbalimbali kuona ipi inakiua. Inachukua siku mbili mpaka tatu. Hicho ndicho kipimo ambacho kila mjamzito anatakiwa apate walau mara moja mwanzoni mwa mimba. Kama unaambiwa una UTI kwa mara ya tatu na hakuna aliyewahi kuotesha mkojo wako, uliza, una haki ya kuuliza.

6. Majibu yamesema "bakteria mchanganyiko". Nina magonjwa mangapi?

Pengine huna hata moja. Mara nyingi ina maana mkojo ulichafuka wakati wa kuukinga. Rudia: jisafishe kwa maji, tanua mashavu ya uke, acha mkojo wa kwanza uende chooni, kinga wa katikati, na kikopo kifike maabara haraka, kikichelewa kwenye joto bakteria wanazaliana humohumo.

7. Daktari kanianzishia dawa kabla ya majibu kutoka, si ndo kubahatisha kwenyewe?

Ni kubahatisha kwa akili. Kama una homa na maumivu ya ubavuni hawezi kukuacha siku tatu, anaanza na dawa ambayo kwa kawaida inawaweza bakteria wa eneo hilo, alafu majibu yakirudi anabaki nayo au anabadilisha. Mkojo ukingwe KABLA ya kidonge cha kwanza, maana ukishameza bakteria wanaweza wasiote na mtabaki gizani wote wawili. Na hayo majibu mtu ayafuate! Vipimo vingi huoteshwa vizuri tu alafu karatasi inabaki maabara hakuna aliyeirudia.

## Dawa zenyewe

8. Zipi salama, zipi za kukwepa?

Penisilini, ampisilini, amoksisilini na sefalosporini ndo farasi wa kazi, zinatumika mimba nzima. Erithromaisini na azithromaisini nazo hutumika. Metronidazoli watu wanaiogopa sana lakini inatumika pale inapohitajika.

Doksisaiklini na tetrasaiklini zinakwepwa kuanzia miezi mitatu ya kati, zinashika kwenye meno na mifupa ya mtoto. Siprofloksasini na jamii yake inawekwa pembeni kwa sababu ya wasiwasi wa gegedu, ingawa wasiwasi huo ulitoka zaidi kwenye wanyama. Trimethoprimu inazuia kazi ya folati, kwaiyo miezi mitatu ya kwanza hapana, na dawa za salfa hazipendwi karibu na kujifungua kwa sababu ya manjano ya mtoto. Streptomaisini iliwahi kuacha watoto na uziwi. Jentamaisini ni ya jamii hiyohiyo lakini hospitali huitumia kwa muda mfupi pale hali ni mbaya, kwa sababu sepsisi inaua haraka kuliko wasiwasi wowote.

Nitrofurantoini ni nzuri kwa kibofu na E. coli wengi bado hawajaishinda, ila haifai kwa figo maana haijikusanyi vya kutosha kwenye damu, na mwishoni mwa mimba, wiki ya 38 kwenda mbele, inakwepwa kwa sababu inaweza kupasua chembe nyekundu za damu za mtoto mchanga. Mama mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD asipewe kabisa.

9. Nilimeza doksisaiklini kabla sijajua kama nina mimba. Nimemuua mwanangu?

Hapana, pumua. Madhara ya meno yanakuja pale meno yanapoanza kujengeka kwa madini, ambako ni miezi ya kati, sio wiki nne au tano za mwanzo. Kumeza kwa bahati mbaya mwanzoni sio sababu ya kutoa mimba. Acha dawa, mwambie mkunga au daktari tarehe na dozi, aiandike kwenye kadi. Kama ilikuwa trimethoprimu, sema pia, watakuongelesha kuhusu foliki asidi.

10. Dada yangu alipona UTI na dawa fulani, na mimi nikainunue?

Bakteria wa dada yako sio wako. Ata wako wa mimba iliyopita sio lazima awe yuleyule, na kama amekaa kwenye utumbo wako akapitishiwa antibaiotiki mbili tatu katikati, huenda sasa ni mwingine kabisa. Alafu kuna jambo watu hawalijui: kwenye mimba damu inaongezeka karibu nusu na figo zinachuja kwa kasi zaidi, kwaiyo dawa nyingi zinatoka mwilini haraka kuliko kawaida. Nusu dozi uliyogawiwa na mtu kwa mjamzito inakuwa pungufu mara mbili. Alexander Fleming mwenyewe, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya kwenye hotuba yake ya Nobel mwaka 1945 kwamba mtu anaweza kujipa dozi ndogo akawafundisha vijidudu kuishinda dawa.

11. Nimepata nafuu siku ya tatu, naweza kuacha?

Usiache bila kuongea na aliyekuandikia. Kitaalamu mambo yamebadilika kidogo, kwa magonjwa kadhaa imeonekana dozi fupi inatosha na siku nyingi zaidi zinaongeza usugu tu, kwaiyo ile ya "dozi ndefu ndo nzuri" haina ukweli siku hizi. Ila kwa mjamzito mwenye bakteria kwenye mkojo dozi ya siku moja imeonekana kuzidiwa na ya siku saba, na hatutaki kurudia. Baada ya kumaliza, rudisha mkojo uoteshwe tena kuhakikisha wameondoka. Vidonge vikibaki, usiviweke akiba wala usimgawie mtu.

12. Kila mwezi inarudi. Nimechoka.

Kwanza tujue inarudi au haikuondoka. Bakteria yuleyule akitokea ndani ya wiki mbili baada ya dawa, pengine hakufa, aidha alikuwa sugu au kuna kitu kinamficha kama jiwe kwenye figo. Akija mwingine ni maambukizi mapya. Hizi ni njia mbili tofauti na huwezi kuzitofautisha bila kuotesha (swali la 5). Waliopata ya figo wakiwa wajawazito, au zinazojirudia, mara nyingine huwekwa kwenye dozi ndogo ya kila siku mpaka wajifungue, chini ya uangalizi.

Mume hahitaji kutibiwa kwa UTI ya kawaida. Kwa magonjwa ya zinaa anahitaji, tena siku hiyohiyo (swali la 17).

13. Nikinywa maji mengi na mitishamba?

Maji kunywa, hayana ubaya. Hayatibu. Mitishamba mingi haijapimwa kwa wajawazito na mingine inachochea mfuko wa uzazi. Na tafadhali usiingize wala kuosha kitu chochote ndani ya uke, unawafukuza bakteria walinzi.

14. Nina aleji ya penisilini, basi nimekwisha?

Hujakwisha. Karibu mtu mmoja kati ya kumi ana hiyo alama kwenye faili lake, na wakipimwa vizuri, tisa kati ya kumi wa hao hawana aleji. Wengi walipata vipele utotoni, au waliharisha, au waliambiwa na mama. Hii sio habari ndogo kwa mjamzito kwa sababu mbadala wa penisilini mara nyingi ni dawa pana zaidi (zinazoua bakteria wa aina nyingi kwa pamoja) au dhaifu zaidi, zenye usugu mwingi. Eleza ilitokea nini hasa: kuvimba midomo, kushindwa kupumua, ndani ya dakika ngapi baada ya kumeza. Kichefuchefu sio aleji. Kwa kaswende hali ni ya pekee, ona swali la 17.

## Maambukizi na mimba kuharibika au kuzaa mapema

15. Bakteria wa ukeni anawezaje kuleta uchungu wiki ya 28? Na ule uchafu wa harufu ya samaki?

Anapanda. Akifika kwenye ngozi ya chupa ya uzazi, mwili wa mama unapambana naye, na katika kupambana unamwaga kemikali, zikiwemo prostaglandini, ambazo ni zilezile zinazolainisha shingo ya kizazi na kuamsha uchungu. Wakati huohuo ngozi ya chupa inadhoofika na inaweza kupasuka. Mapema zaidi mchakato huohuo unaweza kuishia kwenye mimba kutoka.

Harufu ya samaki na uchafu wa kijivu mara nyingi ni bakteria walinzi wamepungua na wengine wamejaa. Inahusishwa na kuzaa mapema, na mwenye dalili anatibiwa. Lakini kumpima na kumtibu kila mjamzito asiye na dalili hakujapunguza watoto njiti kama ilivyotarajiwa. Uchafu mweupe kama maziwa ya mgando na muwasho ni fangasi, sio bakteria, na antibaiotiki inazidisha.

16. Chupa imepasuka wiki ya 31 nikapewa antibaiotiki. Mwenzangu alianza uchungu wiki hiyohiyo hakupewa. Ubaguzi?

Hapana, na hii ni moja ya sehemu ninazozipenda kueleza maana inaonesha dawa nzuri inaweza kuwa mbaya mahali pengine. Utafiti wa ORACLE, uliotoka mwaka 2001, uligawanya wanawake makundi mawili: waliopasuka chupa mapema, na walioanza uchungu mapema chupa ikiwa nzima. Kwa waliopasuka, erithromaisini ilisaidia, iliongeza muda na watoto walitoka na hali nzuri zaidi. Kwa wenye chupa nzima haikusaidia kitu, na watoto wao walipofuatiliwa wakiwa na miaka saba, wale ambao mama zao walipewa antibaiotiki walikuwa na kupooza kwa ubongo zaidi kidogo kuliko wenzao. Kwaiyo mwenye uchungu wa mapema, chupa nzima na hana dalili ya maambukizi, asipewe "kwa tahadhari".

Utafiti huohuo ulionesha kuwa amoksisilini iliyochanganywa na asidi ya klavulani, kwa waliopasuka chupa, inahusishwa na ugonjwa mbaya wa utumbo kuoza kwa watoto njiti. Ndo maana hospitali inakataa kukupa hiyo ata kama nyumbani unayo.

Ila ukiwa na homa, mapigo ya moyo yako na ya mtoto yako juu, tumbo linauma ukiguswa au maji yananuka, hiyo sio tahadhari tena, ni maambukizi ndani ya chupa. Antibaiotiki za mishipa zinaanza mara moja na mtoto anatolewa, hakuna dawa itakayotibu huku mtoto akibaki ndani.

17. Kaswende na kisonono bado vinatibika?

Kaswende ni habari njema adimu kwenye mada hii nzima. Baada ya miaka karibu 80 bakteria wake bado hajaishinda penisilini. Sindano ya benzathini penisilini ndiyo dawa pekee iliyothibitika kumlinda mtoto aliye tumboni, na bila tiba zaidi ya nusu ya mimba hizo zinaharibika kwa namna moja au nyingine: mtoto kufia tumboni, kuzaliwa njiti, kuzaliwa na kaswende. Azithromaisini isitumike badala yake, usugu umeenea na haimfikii mtoto vya kutosha. Mwenye aleji ya kweli analazwa na kuzoeshwa penisilini kidogo kidogo chini ya uangalizi alafu anapewa. Sindano ikamilike walau wiki nne kabla ya kujifungua, ndo maana kipimo ni kliniki ya kwanza, sio ya mwisho.

Jambo moja la kujua: ndani ya saa 24 baada ya sindano unaweza kupata homa, kutetemeka, na tumbo kukaza. Sio aleji, ni bakteria wanakufa kwa wingi. Rudi hospitali waangalie mtoto, lakini usije ukaandikwa una aleji kwa hilo.

Kisonono ni kinyume chake. Kimeshashinda salfa, penisilini, tetrasaiklini na siprofloksasini, sasa tumebaki tukitegemea seftriaksoni ya sindano. Kikiachwa kinaweza kumpofusha mtoto wakati anapita njia ya uzazi.

18. Dalili gani hazisubiri kesho?

Homa ya nyuzi 38 au zaidi, kutetemeka, maumivu ya ubavuni, maji kutoka au kunuka, damu, mtoto kupunguza kucheza, moyo kwenda mbio umekaa, kuhema haraka, kuchanganyikiwa, mkojo kuwa kidogo sana. Mjamzito au mzazi mpya anaweza kuonekana yupo sawa alafu akaanguka ghafla, mwili wake kijana unaficha mpaka dakika ya mwisho. Kwenye sepsisi lengo ni dawa iingie mshipani ndani ya saa moja. Duka la dawa halina uwezo huo, nenda hospitali.

## Kujifungua na baada yake

19. Nimeambiwa nina streptokoka wa kundi B. Nitibiwe sasa hivi?

Kama yupo ukeni tu, sasa hivi hapana. Karibu mwanamke mmoja kati ya wanne anaishi naye bila kuumwa, ukimtibu wiki ya 30 anarudi kabla hujajifungua. Dawa inatolewa wakati wa uchungu, kwa mshipa, na inafanya kazi vizuri zaidi ikiingia walau saa nne kabla mtoto hajatoka. Marekani wanapima kila mjamzito wiki ya 36 mpaka 37, Uingereza wanaangalia wenye vihatarishi, na mabishano hayo hayajaisha. Kama alionekana kwenye mkojo, au mtoto wako wa nyuma aliugua naye, unapewa wakati wa uchungu bila kuhitaji kipimo kingine.

Huyu bado anakufa kwa penisilini. Kwa klindamaisini na erithromaisini usugu ni mkubwa, na ndo sababu nyingine ya kuisafisha ile alama ya aleji (swali la 14). Dawa ya wakati wa uchungu inamlinda mtoto wiki ya kwanza tu, mtoto anaweza kuugua baadae, kwaiyo homa ya mtoto mchanga sio ya kusubiri.

20. Operesheni: sindano moja kweli inatosha? Mbona wengine wanapewa siku saba?

Kwa operesheni isiyo na maambukizi, dozi moja kabla ya kisu kugusa ngozi ndiyo yenye kazi, na vidonge vya wiki nzima baada ya hapo haviongezi ulinzi zaidi ya kuongeza usugu na kuharisha. Najua inatia moyo kutoka hospitali na mfuko wa dawa. Kuzaa kwa kawaida bila shida, hata ukiongezewa njia, Shirika la Afya Duniani halishauri antibaiotiki ya kila mtu. Waliochanika mpaka misuli ya haja kubwa na waliotolewa kondo kwa mkono ndo wanapewa.

21. Nasikia kuna azithromaisini ya mara moja wakati wa uchungu. Kwa nini tusipewe wote?

Utafiti mkubwa wa nchi saba uliotoka 2023, wanawake zaidi ya 29,000 waliokuwa wanajifungua kwa njia ya kawaida, ulionesha gramu mbili za kumeza mara moja zinashusha sepsisi au kifo cha mama kutoka asilimia 2.4 mpaka 1.6. Hiyo sio ndogo hata kidogo. Watoto wachanga hawakuonekana kunufaika. Sasa hesabu ndo hiyo, mamilioni ya wanawake wazima wapewe dawa ili kuwaokoa wachache, na dawa yenyewe ni ile ambayo bakteria wanajifunza kuishinda haraka. Mimi naegemea kuitumia pale sepsisi inaua wengi, sambamba na mikono safi, isiwe badala yake. Maana mwaka 1847 kule Vienna, Ignaz Semmelweis alishusha vifo vya homa ya uzazi kwa kuwanawisha madaktari tu, hakuna antibaiotiki hata moja iliyokuwepo duniani.

22. Mtoto wangu anaweza kuzaliwa na bakteria sugu? Na kunyonyesha nikiwa kwenye dozi?

Anaweza kuwapata, ndiyo. Bakteria wa kwanza wa mtoto wengi wanatoka kwako na wengine wanatoka wodini. Klebsiella sugu kwenye wodi za watoto wachanga ni tatizo kubwa sana, anapita kwenye mikono na vifaa. Kuwa na bakteria huyo sio kuumwa, watoto wengi wanakuwa naye na hawapati kitu, wenye hatari ni njiti na waliowekewa mirija.

Kunyonyesha endelea, antibaiotiki nyingi zinazopewa wazazi zinaingia kidogo tu kwenye maziwa. Mtoto anaweza kulegea choo au kupata fangasi mdomoni.

## Ya watu wachache

23. Majibu yanasema E. coli "sugu kwa karibu kila kitu". Nifanye nini?

Mara nyingi ni yule anayetoa vimeng'enya vya kuvunja penisilini na sefalosporini nyingi. Inatisha kuisoma ile karatasi yenye safu ya "sugu, sugu, sugu", lakini kama yupo kwenye kibofu tu, mara nyingi nitrofurantoini au fosfomaisini ya mara moja bado inamuweza (angalia wiki zako, swali la 8). Akifika kwenye figo au damu, unalazwa na kupewa za mshipa kama meropenemu, ambayo hutumika kwa wajawazito pale inapobidi.

Na kama huna dalili na ameonekana kwenye haja kubwa au ngozi tu, hatibiwi. Ila waambie wodi ya wazazi kabla ya kujifungua, ili ukipata homa wajue waanze na nini.

24. Listeria je? Nimesikia ni ya vyakula.

Ndiyo, anakuja na maziwa yasiyochemshwa, jibini laini na nyama za kusindikwa zinazoliwa baridi, na kwenye friji anaendelea kukua. Mjamzito yupo kwenye hatari karibu mara kumi ya mtu wa kawaida. Mama anapata kama mafua tu, mtoto ndo anaumia. Nimemweka hapa kwa sababu moja: sefalosporini hazimgusi kabisa, kwa asili yake, kwaiyo mtu aliyepewa seftriaksoni kwa "homa isiyojulikana" anaweza asipone. Ampisilini ndo yake. Ukiwa na homa na ulikula vitu hivyo wiki chache zilizopita, litaje jambo hilo ata kama hujaulizwa, na waombe waoteshe damu kabla dawa haijaanza.